Halmashauri za Miti ya Kivuli: Historia ya Ulinzi wa Miti ya Barabarani katika Jimbo la New Jersey

Mithali ya Waswahili yasema: Mchumia juani hulia kivulini. Maana yake ni wazi, na watu wengi wameishi kwayo. Walakini iko kazi moja ambayo mithali hii haiienei sawasawa, nayo ni kazi ya kupanda mti katika barabara ya mji. Apandaye mti huo huchumia juani, lakini mara nyingi alaye kivulini ni mwingine, pengine mtoto wa mtu asiyemjua, ambaye hata hajazaliwa. Mti mkubwa wa nchi za baridi hutaka miongo kadhaa ya miaka kabla haujaifunika barabara kwa matawi yake. Basi ni nani awezaye kubeba taabu ya kazi ambayo faida yake imeahirishwa namna hiyo? Na mpandaji akiisha kufa, ni nani mwenye wajibu wa kuutunza mti aliouacha? Katika nchi ya Marekani, jimbo la New Jersey lilijibu maswali haya kwa sheria ya mwaka wa 1893. Sheria hiyo iliuruhusu mji kuunda halmashauri ndogo ya raia wasiopata mshahara, na kuwakabidhi miti ya barabara zake. Makala haya yaeleza asili ya halmashauri hizo, nguvu zilizopewa, kazi zake, msiba uliozipata, na mafunzo yaliyotokana na msiba huo.

Yafaa kwanza kuyatazama maneno. Waingereza na Waamerika huuita mti huu kwa manufaa yake, si kwa jinsi yake: kwao ni mti wa kivuli, uwe wa aina yo yote. Kiswahili kina desturi iyo hiyo, maana husemwa mti wa matunda, mti wa mbao, na mti wa dawa. Jina la namna hii si dogo kwa maana. Mti ukiitwa kwa matunda yake, mwenye matunda hujulikana, kwa kuwa ndiye ayachumaye. Mti ukiitwa kwa kivuli chake, mwenyewe hajulikani, kwa sababu kivuli hakichumwi wala hakiuzwi. Humwangukia mpita njia na mwenye nyumba sawasawa, na jua likigeuka huhamia kwa jirani. Ugumu wote wa historia hii umo katika jambo hilo. Kuhusu majina ya miti yenyewe, mingi haioti katika nchi za Waswahili, na kwa hiyo haina majina ya Kiswahili. Hapa imetiwa katika ngeli ya miti mingine: mwelmu, wingi wake mielmu, mmepli, wingi wake mimepli, na mweshi, wingi wake mieshi.

Kabla ya sheria kulikuwa na hisani. Katika majimbo ya kaskazini mashariki ya Marekani, miti ya barabarani ilipandwa zamani na watu wenye uwezo na moyo wa kupenda miji yao. Mfano ulio mashuhuri ni wa mji wa New Haven katika jimbo la Connecticut, ambako James Hillhouse, aliyepata baadaye kuwa mjumbe wa Seneti ya Marekani, aliongoza upandaji wa mielmu mwishoni mwa karne ya 18. Miti hiyo ilikua ikakutanisha matawi juu ya barabara, hata mji ukapata lakabu ya Mji wa Mielmu. Mwandishi Charles Dickens aliupitia mwaka wa 1842 akaisifu miti yake. Hillhouse alikuwa amekwisha kufa miaka kumi kabla ya sifa hiyo. Mwaka wa 1853, katika kijiji cha Stockbridge, jimbo la Massachusetts, Mary Hopkins alianzisha chama cha Laurel Hill, na wanachama wake wakashika kazi ya kupamba kijiji na kupanda miti. Vyama vingi viliigiza mfano huo. Mwaka wa 1872, J. Sterling Morton aliasisi Siku ya Miti katika jimbo la Nebraska, na desturi hiyo ikaenea katika majimbo mengine.

Hisani ni mama wa mambo mengi mema, lakini haina mikono ya kutosha wala umri wa kutosha. Mtu hupanda kwa siku moja. Mti hutaka kutunzwa kwa miaka mia. Siku ya Miti hufika na kupita mara moja kwa mwaka, bali kiangazi, wadudu, na dhoruba haziweki siku. Tena mji wa mwisho wa karne ya 19 ulikuwa mahali pa hatari kwa mti. Farasi waliofungwa barabarani walitafuna magome ya mashina, na gome likitafunwa kwa kuzunguka shina lote, mti hufa. Mabomba ya gesi ya taa yalivuja chini ya ardhi yakaiua mizizi. Nyaya za simu za maandishi, kisha za simu za maneno na za umeme, zilitundikwa juu, na wafanya kazi wa nyaya walikata matawi kwa namna iliyowarahisishia kazi yao. Mafundi wa barabara walikata mizizi ili kunyosha njia. Kila mmoja wao alikuwa na haki ya kazi yake, na hapana hata mmoja aliyekuwa na dhamana ya mti.

Sheria nayo ilikuwa na utata. Kwa kanuni za zamani walizozirithi Waamerika kutoka kwa Waingereza, mwenye kiwanja kinachopakana na barabara kwa kawaida alihesabiwa kuwa ndiye mwenye ardhi mpaka katikati ya barabara hiyo, ingawa watu wote walikuwa na haki ya kupita juu yake. Kwa hiyo mti uliosimama mbele ya nyumba ulikuwa na mwenye ardhi chini, wapita njia ubavuni, na serikali ya mji juu ya wote. Mwenye nyumba mmoja aliweza kupanda, wa pili akakata, na wa tatu akaacha kiwanja kitupu; mmoja alipenda mmepli, mwenzake alipenda mti ukuao upesi na kuvunjika upesi. Barabara moja ikawa kama shairi lililotungwa na watu kumi wasiosikilizana, kila mmoja akiandika ubeti wake kwa vina vyake.

Sheria ya New Jersey ya mwaka wa 1893 ilikusudiwa kuondoa utata huo. Iliuruhusu mji, bila ya kuulazimisha, uunde halmashauri ya miti ya kivuli, wajumbe wake wakiwa ni wenyeji wa mji wateuliwao kufanya kazi bila ujira. Halmashauri iliyokwisha kuundwa ilipewa mamlaka ya pekee juu ya kupanda, kutunza, na kulinda miti ya kivuli katika barabara za mji. Neno hilo la pekee ndilo moyo wa sheria. Kuanzia hapo mwenye nyumba hakuweza kuukata mti wa barabarani kwa kuwa umemchosha kufagia majani yake, wala fundi wa nyaya kwa kuwa umemzuia, wala diwani kwa kuwa rafiki yake amemwomba, isipokuwa halmashauri iridhike.

Mambo mawili zaidi yaliipa sheria hiyo nguvu. Jambo la kwanza lilikuwa muda wa utumishi. Kwa sheria ilivyo sasa, halmashauri huwa na wajumbe watano hadi saba wakaao katika mji wenyewe, na muda wa kawaida wa mjumbe ni miaka mitano. Tena muda wao umepangwa usiishe wote kwa mwaka mmoja. Meya aweza kuja na kuondoka, lakini hawezi kuibadilisha halmashauri nzima kwa siku moja, na daima hubaki wajumbe wakumbukao kwa nini mti fulani ulipandwa mahali fulani. Jambo la pili lilikuwa fedha. Sheria iliruhusu gharama ya mti na ya kuupanda itozwe kwa mwenye kiwanja kilicho mbele yake. Hapo hisani iligeuka kuwa wajibu: hata asiyetaka mti aliweza kuulipia.

Jambo hili la pili lilikuwa na uchungu. Raia wachache wasiochaguliwa kwa kura walipewa uwezo wa kumtoza jirani yao gharama ya kitu alichopenda wao kumwekea mlangoni. Wajumbe wasingekuwa na budi kuulizwa: Ninyi ni nani? Sheria ilijibu kwa njia mbili. Ilitaka tangazo la hadhara litolewe kabla ya upandaji mpya, ili mwenye neno apate kulisema. Nayo iliwanyima wajumbe mshahara. Kutolipwa huko mara nyingi hutajwa kama sadaka ya wajumbe kwa mji, na kwa kweli ni sadaka. Lakini palikuwa na hekima ndani yake iliyo kubwa kuliko akiba ya fedha. Mtu asiyefaidika kwa mti kupandwa wala kwa mti kukatwa hushukiwa kidogo atoapo amri. Mamlaka makubwa yalipewa mikono isiyo na ujira ili mikono hiyo iaminiwe.

Majimbo mengine yalichagua njia nyingine. Massachusetts iliruhusu kwa sheria ya mwaka wa 1896 kila mji mdogo uwe na mlinzi wa miti, na mwaka wa 1899 ikafanya jambo hilo kuwa lazima. Mlinzi huyo alikuwa mtu mmoja mwenye dhamana, na ubora wa njia hiyo ni kwamba wa kuulizwa hujulikana kwa jina. Aibu yake ni kwamba maarifa yote hukaa katika kichwa kimoja, nacho kikiondoka huondoka nayo. Pennsylvania ilifuata njia ya halmashauri kwa sheria ya mwaka wa 1907. Katika New Jersey yenyewe, mji mkubwa wa Newark uliunda halmashauri yake mwaka wa 1904.

Haikuchukua muda mrefu kabla ya halmashauri hizo kutambua kwamba nia njema si elimu. Mjumbe aweza kuwa mwanasheria, mfanya biashara, au mwalimu, asijue ni kwa nini majani yanapukutika katikati ya kiangazi. Kwa hiyo miji yenye uwezo iliajiri katibu au msimamizi mwenye ujuzi, akilipwa mshahara, chini ya wajumbe wasiolipwa. Mmoja wao alikuwa William Solotaroff, katibu na msimamizi wa halmashauri ya mji wa East Orange, aliyechapisha mwaka wa 1911 kitabu juu ya miti ya kivuli katika miji. Ni kitabu cha mtu wa kazi, chenye mafunzo ya kuchagua miti, kupanda, kupogoa, na kupigana na wadudu. Hivyo ndivyo mgawanyo wa kazi ulivyotulia: wajumbe huamua na kujibu mbele ya watu, mjuzi hushauri na kusimamia, na vibarua hupanda panda na kupogoa. Mwaka wa 1925 halmashauri za New Jersey zilipata umoja wao, ili mji mdogo usioweza kumwajiri mjuzi upate kujifunza kwa mji mkubwa.

Kazi yenyewe haina fahari. Wajumbe hukutana jioni, baada ya shughuli zao za mchana. Husoma maombi: huyu ataka mti ukatwe kwa kuwa mizizi yake imeinua mawe ya njia ya miguu, yule ataka mti mpya mahali pa uliokufa. Mjumbe mmoja au wawili huenda kuutazama kabla ya uamuzi. Pengine mizizi yaweza kupunguzwa na jiwe kutengenezwa upya. Pengine shina limeoza ndani na mti ni hatari kwa wapitao. Miti huhesabiwa barabara kwa barabara, ikiandikwa aina yake, unene wa shina, na afya yake, kwa kuwa asiyejua alicho nacho hawezi kukitunza. Miche hupandwa katika majira ya vuli au ya masika, na hutaka maji kwa miaka ya mwanzo. Mche hupogolewa ungali mchanga, maana tawi liunganikalo vibaya na shina hukatwa kwa kisu likiwa changa, bali likiachwa miaka thelathini hukatwa kwa msumeno na ngazi, au hupasuka lenyewe siku ya dhoruba. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika miti ukuta huo ni ghali. Kila mwaka halmashauri huenda kwa baraza la mji kuomba fedha, na huko hukutana na polisi, zima moto, na barabara, ambao mahitaji yao huonekana leo, hali mahitaji ya mti huonekana baada ya miaka ishirini.

Ulikuwapo upungufu mmoja mkubwa, nao haukutokana na uvivu bali na bidii. Halmashauri zilikuwa zimezaliwa ili kuondoa vurugu ya kila mtu kupanda apendavyo. Dawa iliyopendwa ya vurugu hiyo ilikuwa usawa: barabara moja, aina moja ya mti, umbali mmoja kati ya shina na shina. Macho yalifurahi kuona safu mbili za mielmu zinazofanana, matawi yakikutana juu kama dari ya msikiti mkubwa au ya kanisa. Katika mamia ya miji mwelmu wa Kiamerika ulipendwa kuliko miti yote, kwa kuwa hukua upesi, hustahimili ardhi iliyokanyagwa, na matawi yake hupanda juu kabla ya kutanda, yasimzuie mpita njia.

Baada ya vita kuu ya kwanza, ugonjwa mpya wa mielmu ulichunguzwa katika nchi ya Uholanzi, na wanawake wataalamu wa nchi hiyo, miongoni mwao Bea Schwarz, ndio walioutambua ukungu unaouleta. Ugonjwa huo ulionekana Marekani kwa mara ya kwanza mwaka wa 1930 katika jimbo la Ohio, na mwaka wa 1933 ukaonekana New Jersey na New York, karibu na bandari. Ulikuwa umesafiri ndani ya magogo ya mielmu yaliyoagizwa kutoka Ulaya kwa kutengenezea mbao nyembamba za samani. Ukungu huziba mishipa ya mti ipitishayo maji, majani hunyauka, na mti mkubwa waweza kufa katika majira machache, au hata katika majira mamoja. Huchukuliwa na wadudu wadogo watobowao magome, ambao huzaliana katika mielmu iliyokufa au inayokufa. Tena una njia ya pili: mielmu iliyopandwa karibu karibu huunganisha mizizi yake chini ya ardhi, na ukungu hupita kutoka mti hadi mti. Safu iliyonyoshwa kwa ustadi juu ya ardhi ilikuwa imejichimbia njia ya ugonjwa chini yake.

Hapo halmashauri zilijikuta katika kazi iliyo kinyume cha jina lao. Zilizoundwa kupanda zililazimika kukata, na kukata upesi, maana mti uliokufa ukisimama ulikuwa kitalu cha wadudu. Mamlaka ya pekee waliyopewa wajumbe kwa ajili ya kulinda miti yakawa mamlaka ya kuamuru iondolewe. Serikali kuu ya Marekani nayo ilitia mkono, ikakata mielmu mingi sana katika eneo la New York na New Jersey katika miaka ya 1930, lakini vita kuu ya pili ilichukua watu na fedha, na ugonjwa ukaendelea. Barabara nyingi zilizokuwa na kivuli tangu enzi za mababu ziliachwa wazi kwa jua katika muda wa miaka michache. Sababu ilikuwa ukungu. Lakini ukubwa wa msiba ulitokana na chaguo la wanadamu.

Laiti funzo hilo lingalishikwa mara moja! Katika miji mingi ya Marekani mahali pa mielmu palipandwa mimepli na mieshi, mara nyingine kwa safu zile zile za aina moja. Mwaka wa 2002 ilitambulikana karibu na Detroit kwamba mdudu wa Asia mwenye rangi ya zumaridi alikuwa akiiua mieshi kwa kula chini ya magome yake. Mwaka wa 2014 alionekana New Jersey. Halmashauri zilirudi tena kuhesabu miti ya kukatwa. Mwaka wa 1990 mtaalamu Frank Santamour alikuwa amependekeza kanuni rahisi: miti ya mji isizidi sehemu 10 katika 100 kwa aina moja, wala 20 kwa jenasi moja, wala 30 kwa familia moja. Kanuni hiyo yaweza kujadiliwa kwa hesabu yake, lakini maana yake ni thabiti: mji usiweke kivuli chake chote katika kapu moja.

Katika miaka hii taifa na jimbo pia vimeijia kazi ya halmashauri. Tangu mwaka wa 1976 taasisi ya Siku ya Miti ya Marekani huutunuku mji wenye halmashauri au idara ya miti, sheria ya miti, bajeti isiyopungua dola 2 kwa kila mkazi kwa mwaka, na maadhimisho ya Siku ya Miti. Mwaka wa 1996 New Jersey ilitunga sheria ya kuisaidia miji iliyo na mpango wa kutunza miti yake na watu waliofunzwa kazi hiyo. Sifa ya nia njema peke yake haikutosha tena. Mji ulitakiwa uonyeshe mpango ulioandikwa.

Katika historia hii yote liko jambo moja linalostahili kukumbukwa. Mwaka wa 1922, kabla ya ugonjwa wa mielmu kufika Amerika, kitalu kimoja cha mji wa Princeton, New Jersey, kilichagua mwelmu mmoja kwa uzuri wa umbo lake, kikauzalisha kwa jina la mji huo. Hapana aliyeuchagua kwa nguvu ya kustahimili ukungu, maana ukungu haukuwapo bado. Miaka ilipita, majirani zake wakafa, nao ukasimama. Na majaribio ya baadaye yakathibitisha kwamba unaustahimili ugonjwa kuliko mielmu mingi. Leo hupandwa tena mijini. Walioupanda hawakujua walichokuwa wakiwawekea wajao, na jambo hili ni kweli kwa kila apandaye mti wa barabarani, kwa heri na kwa shari.

Kwa hiyo halmashauri ya miti ya kivuli haikuwa chombo cha watu wakamilifu. Ubora wake ni kwamba ilimpa mwenyewe mti usiokuwa na mwenyewe. Ilifunga maarifa ya mjumbe atokaye kwa mjumbe aingiaye. Na kwa kuwanyima wajumbe ujira iliwapa kitu kilicho adimu zaidi, yaani kusadikiwa na jirani zao. Kasoro yake ni kwamba makosa yake yana umri ule ule wa miti yake: chaguo baya la jioni moja husimama barabarani kwa miaka sitini, kisha huanguka kwa pamoja. Mithali ya mchumia juani haikukanushwa na historia hii, bali imeongezewa upana. Wajumbe wa East Orange na wa Newark walichumia juani. Waliokula kivulini, na waliokikosa kivuli pia, ni watu waliokuja nyuma yao.